Wana wa Ramji

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani. Katika miaka ya mwisho ya 1980 kiwanda chake kilikuwa baraza ya duka moja la nguo mjini Tabora. Neno kiwanda nimelitumia kwa heshima ya marehemu, maana mali yote ya kiwanda hicho ilikuwa cherehani moja ya miguu, kigoda, mkasi, pasi ya mkaa, na debe la vipande vya vitambaa ambavyo mama alivigeuza kuwa foronya. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa Kibaniani, mtu mzima mwenye miwani minene. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa watoto wake wangali hai nami sikuwaomba ruhusa. Itoshe kusema kwamba ndani ya jina hilo mlikuwamo neno Ram.

Asubuhi wazee wenzake walipopita mbele ya duka walimwamkia, "Ram Ram," naye akawarudishia, "Ram Ram," vile vile. Kwa akili ya utoto niliamini kwamba Wahindi wote wa mtaa wetu walikuwa wakiitwa Ram, na kwamba desturi yao ilikuwa kutajiana majina mara mbili kila wakutanapo ili wasije wakasahauliana. Siku moja nilimwuliza mwenye duka kwa nini watu wote wa kabila lake wamepewa jina moja. Alicheka hata akavua miwani. Kisha akanieleza, kwa Kiswahili ambacho hakikuwa na habari nyingi za ngeli lakini hakikukosea hesabu hata mara moja, kwamba Ram ni jina la mungu wao; kwamba zamani alikuwa mwana wa mfalme wa Ayodhya, akafukuzwa akakaa mwituni miaka 14, akanyang'anywa mkewe, akampigania akampata, na siku aliporudi kwao watu waliwasha taa njia nzima. Hizo, alisema, ndizo taa mnazoziona madukani kwetu wakati wa Diwali. Tangu siku ile taa za Diwali nilizitazama kwa jicho jingine, kwa kuwa nilijua zinamngoja nani.

Shuleni mambo hayakuwa mazuri hivyo. Nilipokuwa darasa la tatu mvulana mmoja aliniona nimeketi barazani pale nikishona vifungo, na kesho yake akanibandika jina: mtoto wa Mhindi. Jina lilienea kama moto wa kiangazi. Nilipigana kwa ajili yake, nikashinda mara chache na kushindwa mara nyingi, hata nikaenda kumshitakia baba. Hakuinua macho katika kazi yake. Alisema, "Wamekosea nini? Wakikuuliza baba yako yuko wapi, utasemaje? Yuko kwa Mhindi." Akaendelea kukanyaga cherehani. Nilimwona kama mtu asiyejua kutukanwa.

Kuna jambo jingine la baraza ile ambalo silipendi, nalo sina budi kulisema ili habari hii isije ikawa na upande mmoja. Saa nne kila siku baba aliletewa chai kutoka ndani. Ilikuwa chai njema, yenye maziwa na tangawizi, wala sikumbuki hata siku moja iliyoachwa. Lakini ililetwa katika kikombe cha bati ambacho hakikupata kuvuka kizingiti. Kilioshwa nje, kikatundikwa nje, katika msumari wake. Mwenye kikombe hicho ndiye aliyempa baba fedha usiku mmoja mama alipougua, bila ya hati na bila ya shahidi, akazipokea kidogo kidogo muda wa mwaka mzima. Mambo yote mawili ni kweli. Waswahili wana methali isemayo kwamba Baniani mbaya kiatu chake dawa, na kila ninapoifundisha hukumbuka kile kikombe, nikawa sijui katika methali ile ni nani anayestahili kuona haya: mwenye kiatu, au anayemtukana mwenye kiatu huku akikivaa.

Nimetanguliza habari hizi za nyumbani, nami namtaka radhi msomaji aliyetarajia elimu kabla ya masimulizi, kwa sababu kosa nitakaloliungama sasa haliwezi kueleweka bila yake.

Katika chuo ninachofundisha nina somo la maneno ya Kiswahili yaliyohifadhiwa katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19. Ni somo lenye raha. Mwanafunzi hukuta neno hongo likiwa bado ni ushuru wa haki ambao mwenye nchi alitozwa wapita njia, kabla halijashuka cheo likawa rushwa. Hukuta kiongozi akiwa ni mtu halisi mwenye manyoya kichwani na bendera mkononi, aliyetangulia mbele ya msafara, wala si mtu wa kuketi mezani. Hukuta pagazi, na kambi, na tembe. Kitabu kikubwa cha somo hilo ni kile cha Richard Burton, ambaye pamoja na John Speke aliondoka pwani mwezi Juni 1857, akafika Kazeh, yaani Tabora yetu, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari, baada ya mwendo wa maili zipatazo 600.

Msafara wa Burton ulikuwa na watu wa aina nyingi. Walikuwamo wapagazi Wanyamwezi, Mwarabu mmoja aliyepewa na Sultani awe mwangalizi wa safari, askari Mabaluchi, na kundi la walinzi wenye bunduki ambao Burton huwaita wana wa Ramji. Huwataja kila mara, na kila mara kwa kuwalaumu: ni wavivu, ni wajeuri, hawasikii. Ramji alikuwa Baniani wa Unguja, mtu wa forodha, aliyefanya kazi chini ya Ladha Damji, mtoza ushuru mkuu.

Basi kwa muda wa miaka miwili niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba miongoni mwa waliofika Tabora mwaka 1857 walikuwamo vijana wa Kihindi, watoto wa Ramji. Nilisema hivyo kwa furaha. Niliwaeleza kwamba hapa tunaona jinsi Wahindi walivyopenya bara mapema, baba akibaki na daftari pwani na watoto wakishika bunduki njiani. Niliipamba habari hiyo hata ikapendeza. Mwaka wa tatu, msichana mmoja aliyeketi nyuma, mzaliwa wa upande wa Urambo, aliinua mkono akasema kwa adabu nyingi, "Samahani, Mwalimu. Ikiwa hawa ni Wahindi, mbona mkubwa wao anaitwa Kidogo?"

Darasa lilicheka. Mimi nilisema tutalitazama jambo hilo wiki ijayo, neno ambalo walimu tumelirithi kutoka kwa babu zetu walimu. Jioni ile nilikifungua kitabu, na safari hii nikakisoma nisimwage macho. Jambo lenyewe limeandikwa wazi. Wana wa Ramji walikuwa watumwa wake. Waliazimwa kwa safari kwa ujira, kama mtu aazimavyo punda, na waliitwa kwa jina la bwana wao kwa sababu njiani jina la bwana lilitosha.

Haikunishangaza kwamba nilikosea. Mwalimu asiyekosea ni yule asiyesema kitu. Kilichonishangaza ni aina ya kosa. Mtu mwingine angaliweza kusamehewa kulichukua neno wana kwa maana yake ya juu juu. Lakini mimi nilikuwa nimeitwa mtoto wa Mhindi nikiwa na miaka tisa. Nilijua kwa ngumi na kwa machozi kwamba mtu anaweza kuitwa mtoto wa mtu asiyemzaa, kwa kuwa tu mkate wake umetoka barazani kwake. Tena mimi ni mtu wa lugha. Najua kwamba mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana aliitwa mzalia, neno linalotokana na kuzaa. Najua kwamba mtumishi mwenye mvi aliitwa kijana, na akaitika. Maarifa yote hayo nilikuwa nayo, na kwa miaka miwili sikuyaruhusu yaingie mlangoni. Nadhani nilipenda zaidi kwamba wana wawe wana.

Tangu hapo jina hili Ram halikuniacha. Nilianza kuwatafuta wenye jina hilo kama mtu anavyotafuta ndugu wa mkopeshaji wake.

Kwanza desturi yenyewe. Miongoni mwa watu wa Kachi na Gujarat, ambako walitoka wengi wa Wahindi wa pwani yetu, mtu huitwa kwa jina lake na kufuatishwa jina la baba yake, sawa na sisi tunavyosema Juma Hamisi. Jairam Shivji ni Jairam mwana wa Shivji. Na Shivji huyo aliitwa Shivji Topan kwa kuwa baba yake aliitwa Topan. Asiyejua hayo hudhani kwamba Topan ni ukoo mmoja, akamfanya Tharia Topan, tajiri mkubwa aliyempa mali Tippu Tip, kuwa ndugu wa Jairam, ijapokuwa huyu alikuwa Mhindu wa jamii ya Bhatia na yule alikuwa Khoja wa madhehebu ya Ismailia. Wamekutana katika jina tu, na katika biashara. Ile -ji ya mwisho ni adabu, kama sisi tunavyotanguliza Bwana au Mwinyi. Ramji, basi, ni kama kusema Bwana Ram. Na Jairam maana yake ni ushindi kwa Ram. Wazazi humpa mtoto jina la mungu ili kila amwitaye mtoto awe ametaja jina jema, hata kama anamwita aje achapwe.

Huyo Jairam Shivji ndiye aliyekuwa mkubwa wa wote wenye jina hilo katika nchi zetu. Baba yake alikodisha forodha ya Unguja kwa Seyyid Said, na katika miaka ya 1830 kazi ikaingia mikononi mwa mwana. Kukodisha forodha maana yake ni kwamba Sultani alipokea fedha aliyopatana nayo kwa mwaka, na ushuru wote wa pwani ukawa wa Jairam kuukusanya kwa watu wake. Pembe iliyotoka Tabora ilipita mbele ya karani wake. Merikani, ile nguo ya pamba iliyosokotwa Marekani na ambayo bila yake hakuna aliyeweza kununua hata kuku huko bara, ilishuka pwani kwa mikataba aliyofunga na wafanya biashara wa Salem. Shanga, masango, baruti, yote yalipita kwake. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba frasila mbili begani kutoka Bagamoyo hata Unyanyembe hakupata kumwona Jairam, lakini alikuwa amembeba.

Wala hatuwezi kupita hapa kwa kunong'ona. Nyumba hizi za biashara zilikuwa na watumwa. Wahindi wengi wa Unguja walikuwa raia wa Uingereza au wa nchi zilizo chini ya ulinzi wake, na sheria ya Uingereza ilikwisha kuwakataza kumiliki watu. Hata hivyo walimiliki. Mwaka 1860 balozi Rigby aliwabana, na watumwa maelfu waliokuwa mikononi mwa Wahindi wakapewa hati za uhuru. Ramji alikuwa karani tu katika mti huo mkubwa. Lakini karani naye alikuwa na wana.

Nikirudi Kazeh, naiona baraza nyingine, kubwa kuliko ya baba yangu. Wakati ule palikuwa na Mhindi mmoja Mwislamu, Khoja mzaliwa wa Surat, aliyefika bara miaka mingi kabla ya Mzungu yeyote, akafanya biashara ya pembe hata Karagwe. Jina lake alikuwa Musa, na watu wa nchi wakamwita Musa Mzuri. Speke alikaa nyumbani kwake katika safari yake ya pili, mwaka 1861, na Musa alifariki mwaka ule ule. Palikuwa pia na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akakaa huko miaka mingi hata bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Unguja. Aliwaongoza Burton na Speke, baadaye Stanley, baadaye Cameron, akafa mwaka 1885 baada ya kuivuka Afrika kwa miguu kutoka pwani hata pwani. Yeye na Speke walisemezana kwa Kihindustani. Na palikuwa na wana wa Ramji.

Namwomba msomaji awatazame hawa jinsi walivyokusanyika chini ya miembe ile. Mhindi ana jina la Kiswahili, nalo ni la sifa. Mwafrika ana jina la mji wa India, nalo ni alama ya mahali alipopotelea. Na kundi zima la Waafrika lina jina la mungu wa Kihindu lililopitia kwa karani wa forodha. Majina yamebadilishana miili. Lakini hayakubadilishana kwa haki: Musa alipewa lake na majirani waliompenda, Bombay alilichukua lake akalifanya kubwa kuliko mabwana zake, wale wengine hawakuulizwa.

Katika kuwatafuta wenye jina la Ram nilivuka bahari. Wengi wao ni watu wa kuheshimiwa, nami nitawapita upesi kwa kuwa habari zao zinapatikana kwa urahisi. Ram Mohan Roy wa Bengal alianzisha jamii ya Brahmo Samaj mwaka 1828, akapiga vita desturi ya kuwachoma wajane pamoja na waume zao hata ikapigwa marufuku mwaka 1829. Alifia Bristol, Uingereza, mwaka 1833. Ramanujan, karani maskini wa Madras, alimwandikia barua mwanahesabu wa Cambridge, na kabla hajafa mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 32, alikuwa ameacha hesabu ambazo wataalamu wangali wakizifumbua. Karibu yetu zaidi, katika Bahari ya Hindi, yuko Seewoosagur Ramgoolam, aliyeiongoza Morisi kupata uhuru mwaka 1968, mwana wa mtu aliyeletwa kutoka Bihar kulima miwa kwa mkataba. Jina lake lilinisimamisha. Goolam ni ghulamu, neno la Kiarabu ambalo Kiswahili nacho kinalo kwa maana ya kijana wa kiume, na ambalo India limechukua maana ya mtumwa. Ramgoolam, kwa hiyo, ni mtumwa wa Ram. Maana ile ile ya Abdallah, kila aabudiwaye akiwekwa mahali pake. Na Tabora tulikuwa na Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe na waziri wa kwanza wa sheria wa Tanganyika huru, aliyefariki mwaka 2007. Wala hakuna aliyemdharau kwa kuitwa mtumwa. Kuwa mtumwa wa Mungu ni utukufu. Taabu huanza pale katikati anapoingia karani.

Lakini aliyenikamata, na ambaye kwa ajili yake nimeiandika insha hii, ni mwana mwingine wa Ramji.

Mwaka 1891, katika mji wa kambi ya jeshi uitwao Mhow, alizaliwa mtoto wa 14 wa askari mmoja mwenye cheo cha subedari, jina lake Ramji Sakpal. Mtoto aliitwa Bhimrao, na kwa desturi ya kwao jina la baba likafuata: Bhimrao Ramji. Ukoo wao ulikuwa wa Mahar, watu ambao Wahindu wa matabaka ya juu waliwahesabu kuwa ni najisi hata kuguswa. Shuleni alikaa mbali na wenzake, juu ya kipande cha gunia alichokuja nacho kutoka nyumbani na kurudi nacho. Akishikwa na kiu hakuruhusiwa kugusa bomba wala chombo. Alimngoja tarishi wa shule ammiminie maji kutoka juu. Tarishi asipokuwapo, alikaa na kiu yake.

Niliposoma hayo nilikiweka kitabu chini. Niliona kikombe cha bati msumarini.

Mtoto huyo ndiye ambaye dunia inamjua kwa jina la Ambedkar. Alisoma hata akapata udaktari Columbia, Marekani, na mwingine London. India ilipopata uhuru alikuwa waziri wake wa kwanza wa sheria, na mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Ibara ya 17 ya katiba hiyo inafuta desturi ya kuwafanya watu najisi. Baba zake walipigwa marufuku kwenye bomba. Mwana akaandika sheria ya bomba.

Hata hivyo sheria haikumridhisha. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, mbele ya mamia ya maelfu ya watu, aliiacha dini ya Kihindu akaingia dini ya Buddha, na miongoni mwa viapo 22 alivyoapa na kuwaapisha wafuasi wake kimo kile cha kutomwamini Ram wala kumwabudu. Alifariki tarehe 6 Desemba mwaka huo huo, kabla ya miezi miwili kutimia. Alimkana Ram, lakini jina la Ramji hakulikana. Sahihi yake katika katiba ilikuwa nalo. Na mwezi Machi 2018 serikali ya jimbo la Uttar Pradesh iliagiza kwamba katika hati zote za serikali jina lake liandikwe kamili, Bhimrao Ramji Ambedkar. Ugomvi ukazuka. Walioagiza walisema ndivyo mwenyewe alivyotia sahihi. Waliopinga walisema nia ni kumrudisha kwa nguvu kwa mungu aliyemkana, kwa kulivuta jina la baba yake lisikike juu ya lake.

Nimelifikiri shauri hilo mara nyingi, na kila mara naona pande zote mbili zimemsahau subedari. Ramji wa Mhow hakuwa mungu. Alikuwa baba aliyewasimamia wanawe wasome, katika nchi iliyowanyima maji ya kunywa darasani. Mwana akitaja jina lake anamtaja yeye. Ni haki yake, kama ilivyokuwa haki yake kumkana Ram. Kosa ni la mwingine kumtajia.

Hapo ndipo nilipomwelewa baba yangu, nikiwa nimechelewa miaka thelathini na zaidi. Niliposhitaki kwamba naitwa mtoto wa Mhindi, nilitaka akasirike, alikane jina. Yeye hakuona la kukana, kwa sababu hakuwa na shaka mimi ni mtoto wa nani. Au pengine nampamba naye, kama nilivyowapamba wale vijana wa Kihindi ambao hawakuwapo. Yawezekana alikuwa amechoka tu, na suruali za watu zilikuwa zikingojwa. Sikumwuliza alipokuwa hai, na mwenye duka alikwisha kufunga mlango wake na kwenda zake kabla sijamaliza sekondari. Nilipokwenda Tabora likizo iliyopita, nyumba ile ilikuwa inauzwa simu. Baraza imesakafiwa upya, na vijana wawili wameketi mahali pa cherehani wakitengeneza vioo vilivyopasuka. Nilitazama ukutani. Msumari haupo.

Nilirudi chuoni nikaingia darasani. Ilikuwa mwezi mmoja baada ya lile swali, na kwa mwalimu mwezi mmoja ni muda wa kutosha wanafunzi kusahau; hawakusahau. Niliwaambia wafungue madaftari yao mahali palipoandikwa habari za msafara wa mwaka 1857. Niliwaambia kwamba nilichowafundisha mimi na kuwafundisha waliowatangulia si kweli. Kwamba wana wa Ramji hawakuwa watoto wake bali watumwa wake. Na kwamba nimewaandikia waliokwisha maliza, wale ambao anwani zao ninazo, kuwaarifu. Wakapiga mstari. Yule msichana wa Urambo akainua mkono.

"Sasa tuandike nini, Mwalimu? Tukiandika watumwa wa Ramji, bado ni wa Ramji."

Nilisimama kimya kitambo. Kisha nilikichukua kitabu cha Burton nikawatafutia ukurasa, nikawasomea jinsi jina la mkubwa wao lilivyoandikwa pale, maana hata yule msafiri aliyewalaumu kutwa kucha alikuwa ameliandika kama alivyolisikia likitamkwa na wenzake wa njiani, na heshima yake mbele. Nikageuka ubaoni nikaandika: Mwinyi Kidogo na wenzake.